Uzi wa kufundishia watoto kwilti hapa Kisumu: upi ununue, upi uuache dukani

Hii ni ya walimu wa Sande skuli, akina mama wa chama na yeyote anayefundisha watoto kushona kwilti kwa mkono, yaani vitambaa viwili vyenye kitu laini katikati vinavyoshonwa pamoja. Naona watu wanahangaika sana na kitambaa, mara kitenge cha rangi gani, mara kikatwe vipi, halafu uzi ni ule tu umepatikana karibu na cherehani. Nimezunguka maduka ya vifaa vya ushonaji hapa tao na soko la Kibuye pia, na kama pesa ni kidogo mimi nasema weka kwa uzi na sindano kwanza, vipande vya kitambaa hata fundi wa mtaa atakupatia bure.

Uzi wa poliesta wa cherehani uko kila duka, rangi zote. Kwa fundi ni uzi mzuri sana. Kwa mtoto wa gredi 3 hapana. Ni mwembamba, unateleza, kila akivuta unachomoka kwa tundu la sindano, na fundo linajifungua. Tena hata akishona vizuri mishono haionekani, na mtoto anataka kuona mishono yake jamani, hiyo ndiyo inamrudisha kesho.

Ule nimependa kabisa ni uzi wa pamba wa kroshia, ule mwembamba wa kufumia vitambaa vya viti. Umesokotwa ukakaza, mtoto akikosea anafumua na anashona tena na uzi hauoti manyoya. Naupa tisa kwa kumi. Uzi wa kudarizi kama ule wa kampuni ya DMC nao ni mzuri, ndani una nyuzi sita unazitenganisha, kwa hii kazi mbili au tatu zinatosha, lakini ukiwa na darasa limejaa huko kutenganisha kutakumaliza, kila dakika mwalimu imejifunga, mwalimu imekatika. Hiyo waachie wakubwa kidogo.

Kabla ulipe omba kipande uchome na kiberiti. Pamba inaungua inabaki jivu, inanuka kama karatasi, lakini poliesta inayeyuka inajikunja inakuwa kishanga kigumu. Mwenye duka mmoja alinikatia vipande vya rangi tatu bila kununa, huyo nitamrudia. Kwingine niliambiwa uzi ni pamba tupu, kuchoma, kishanga. Na nyekundu na ile bluu nzito uzilowanishe usugue kwa kitambaa cheupe, kuna nyekundu ya bei ya chini ilichuja mpaka vidole vikabaki vya pinki, sasa hiyo kwa kwilti ya mtoto mchanga ni hasara.

Sindano nazo. Wataalamu wanatumia zile fupi za kwilti, namba 8 hadi 12, na namba ikipanda sindano ndio inapungua, kwa hivyo 12 ni kadogo ajabu na mikono ya watoto haikawezi. Chukua sindano za kudarizi, tundu lake ni refu na uzi mnene unapita. Uzi usizidi urefu wa mkono wa mtoto mwenyewe, ukizidi hapo unajisokota tu. Ukiupitisha kwa nta ya nyuki unatulia zaidi, waulize wauza asali.

Katikati ya vitambaa viwili mimi naweka flisi ya mitumba, blanketi moja unakata vipande vingi saizi ya daftari, na sindano inapita laini kuliko ile sufi ya mito ambayo inajikusanya upande mmoja. Kitenge kipya ukifue kwanza kitoe ule ugumu. Halafu piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, wewe mwenyewe kabla uwape, vitambaa vikihama hata uzi mzuri hautasaidia.

Flisi ifuate Kibuye Jumapili asubuhi ndio unachagua. Uzi nenda tao katikati ya wiki, wakati mwenye duka ana nafasi ya kukushushia makopo yote uchague na uchome.