Propela ya boti ya uvuvi Ziwa Nyasa: ipi ununue, ipi uache

Ukipanda gari Kyela kwenda Mbeya kutafuta propela, beba ile ya zamani kwenye kiroba. Muuzaji akisikia mashine ni ya nguvu farasi 15, atakupa yoyote inayoingia kwenye shafti. Kuingia siyo kufaa.

Propela huandikwa namba mbili, mfano 9¼ x 9. Ya kwanza ni upana, kwa inchi, wa duara ambalo mapanga (mabawa) yake huchora yakizunguka. Ya pili ni pichi: ikizunguka mara moja ingesogea mbele inchi ngapi, kama skrubu inavyoingia kwenye ubao. Pichi kubwa inatafuta mwendo, ndogo inatafuta nguvu. Mimi niliwahi kuchukua ya 11 kwa sababu ilikuwa inang'aa. Boti tupu ilipaa pale Matema. Tulipopakia nyavu, taa, watu wanne na usipa wa usiku kucha, mashine ikakoroma, pua ikabaki juu, na petroli ikakata kabla hatujaona ufukwe. Tangu hapo nanunua kwa kuangalia mzigo.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni aluminiamu ya mapanga matatu, pichi 8 au 9 kwa boti nzito ya mbao. Ikigonga gogo lililoletwa na mto Kiwira au Mbaka, panga linapinda, fundi analinyoosha, kesho uko majini.

Ya pili ni aluminiamu ya mapanga manne. Inashika maji vizuri kwenye mawimbi na haitetemi sana, ila mwendo unapungua kidogo na mara nyingi bei iko juu. Kama kila siku unarudi umejaza, inafaa.

Ya plastiki iwe ya akiba, ikae botini pamoja na spana, pini na nati. Stenlesi naiweka mwisho kabisa, ingawa ndiyo ngumu kuliko zote. Ukipiga jiwe upande wa milima ya Livingstone yenyewe haipindi, pigo linaenda kwenye gia, na gia ndizo ghali.

Ukishafunga, jaribu ukiwa na mzigo kamili, umefungua mafuta mpaka mwisho. Mashine nyingi za 15 za mafuta mchanganyiko zinatakiwa kufika mizunguko 4500 hadi 5500 kwa dakika. Thibitisha kwenye kitabu chake. Haifiki? Punguza pichi: inchi moja huongeza kama 200. Walioko bwawa la Mtera, karibu mita 700 juu ya bahari, waanze na pichi ndogo zaidi, maana hewa nyepesi hupunguza nguvu ya mashine.

Ya mtumba ichunguze raba ya katikati. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye bomba la ndani, upite juu ya raba, hadi kwenye chuma cha nje, kisha endesha kwa nguvu. Mstari ukikatika, raba inateleza. Irudishe dukani siku hiyohiyo.