Walikata soketi ya kiwandani: uzoefu wangu wa kufungiwa stereo mpya

Redio yenyewe sina ugomvi nayo. Skrini inasomeka hata jua likiwaka, Bluetooth inashika simu haraka, na FM inafika 108, tofauti na ile ya Kijapani iliyokuja na gari ambayo mwisho wake ulikuwa 90. Mengine yote yameandikwa kwenye boksi, soma huko. Mimi nimekuja kuwasema waliofunga. Jina la duka nalihifadhi, ila hasira siihifadhi.

Nyuma ya redio ya kiwandani ya Toyota nyingi kuna soketi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Adapta zake zipo na si kitu adimu. Unaunga nyaya za redio mpya na nyaya za adapta ukiwa umekaa mezani, nje ya gari, kisha unachomeka soketi kwa soketi. Gari halikatwi hata waya mmoja. Siku ukitaka kurudisha redio ya zamani, au kuuza gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, unachomoa hii unachomeka ile. Kazi imeisha.

Hawa walitoa plaizi wakakata zote mbili. Adapta ilikuwa ndani ya boksi la redio, kwenye mfuko wake wa nailoni, haijafunguliwa. Nimeikuta kwenye kiti cha nyuma baadaye, bado imefungwa vilevile. Sijui hata niseme nini.

Sasa sikiliza ubaya wa kukata. Ukishakata soketi umepoteza ramani, kwa sababu kilichokuwa kinakuambia waya upi ni upi ni nafasi ya pini, si rangi. Redio za kununua dukani nyingi zinafuata mpangilio mmoja: njano ni moto wa kudumu kutoka betri, nyekundu ni moto wa ufunguo, nyeusi ni ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila yenye mstari mweusi ni hasi ya mwenzake. Toyota haiko hivyo hata kidogo. Kwake moto wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, moto wa ufunguo ni kijivu, ethi ni kahawia. Na ile njano yake? Ni hasi ya spika ya nyuma kushoto. Nyeusi ni chanya ya spika hiyohiyo. Nyekundu ni chanya ya nyuma kulia.

Fundi akaunga rangi kwa rangi. Njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kisha anashangaa redio haiwaki. Itawakaje? Umeipa spika badala ya betri! Na hapo ilikuwa salama, kwa sababu angeendelea hivyohivyo hadi kijivu angepeleka volti 12 za ufunguo moja kwa moja kwenye waya wa kutolea sauti ya mbele kulia, na chipu ya amplifaya ya ndani ingekwenda na maji. Kijani nacho kwenye Toyota ni waya wa taa za dashibodi: mchana kimya, usiku ukiwasha taa unapeleka moto kwenye sauti ya nyuma kushoto. Mita ya umeme ingemaliza mjadala wote huu kwa dakika chache. Ufunguo umezimwa, waya wenye volti 12 ndio wa kudumu. Ufunguo kwenye ACC, ile hatua ya kuwasha redio bila injini, waya ulioamka ndio wa ufunguo. Washa taa ndogo, ulioamka ndio wa mwanga wa dashi. Mita ilikuwepo pale dukani, imening'inia ukutani.

Badala ya kupima, akaenda kuiba moto kwenye waya wa kiwashio cha sigara, akaunganisha njano na nyekundu ya redio pamoja hapohapo. Redio ikawaka, muziki ukapiga spika za mbele, nikakabidhiwa ufunguo. Kumbe moto ule unakufa ukizima gari. Waya wa njano ndio unaolisha kumbukumbu, kwa hiyo kila ukizima, redio inasahau kila kitu: saa inarudi sifuri, stesheni zimefutika, simu inabidi iungwe upya, ikwalaiza imelala chini. Kila ukiwasha inakuuliza unataka lugha gani.

Nikarudi kulalamika, taratibu kabisa, kwa heshima. Jibu nililopewa: "Bosi, redio za siku hizi zote ndivyo zilivyo. Wewe ulitaka ya ndege?" Wenzake wakacheka. Nikamwonyesha picha ya nyaya iliyobandikwa juu ya redio, njano na nyekundu zimetenganishwa wazi. Akakunja uso, akaingia chini ya dashi, akatoka baada ya muda mfupi: "Haya, sasa haitasahau."

Haikusahau, ni kweli. Alihamisha zile nyaya mbili, bado zimeshikana, akazipeleka kwenye moto wa kudumu. Sasa redio ikawa haijui kama gari limezimwa. Ukiizima kwa kitufe skrini inakuwa nyeusi tu, ndani iko macho. Asubuhi gari linapiga tik-tik, starta haizunguki. Nikarudi tena, na hapa ndipo waliponiudhi kupita kiasi, maana waliniambia betri yangu imezeeka na kwamba wao wanauza nzuri.

Kwa hiyo nikaipima mwenyewe, na nawashauri kila mwenye redio mpya afanye hivi kabla ya kulaumu betri. Toa waya wa hasi kwenye betri, weka mita kati ya waya huo na nguzo ya hasi, mita ikiwa kwenye ampea 10. Funga milango, usifungue tena, subiri kama nusu saa kompyuta za gari zilale. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, utachoma fyuzi yake. Gari lenye afya husoma chini ya miliampea 50. Langu lilisoma ampea 1.4. Piga hesabu: saa 12 za usiku ni karibu ampea-saa 17, na betri ya kawaida ya gari dogo ina kama 45 hivi. Nikachomoa fyuzi ya nyuma ya redio, mita ikashuka hadi miliampea 30. Betri mzee gani huyo anayepona kwa kuchomoa fyuzi?

Kuna na mlio kwenye spika, sijausema bado. Waya mweusi wa redio waliufunga kwenye skrubu ya bracketi iliyopakwa rangi. Rangi haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo ethi ni dhaifu, na kelele ya altaneta, ile mashine ya kuchaji betri, inaingia kwenye sauti: ukikanyaga mafuta inapanda, ukiachia inashuka. Mbu ndani ya spika. Ethi sahihi ilikuwa imelala hapohapo, ule waya wa kahawia. Kipimo chake ni rahisi: sauti ikiwa juu, pima kati ya waya mweusi wa redio na nguzo ya hasi ya betri; ikizidi volti 0.1 kuna mahali pabovu.

Kurekebisha kulihitaji vitu vichache tu. Zipo soketi za kinyume cha ile adapta, zenye umbo lilelile la upande wa gari, zinazouzwa kwa ajili ya magari yaliyokatwa namna hii. Unatoa hasi ya betri kwanza. Unatambua kila waya kwa mita, unaziandika kwa karatasi ya gundi, unamenya milimita 10 hivi, unatia lehemu, unafunika kwa mpira wa kubanwa na joto. Usiweke maungio yote mahali pamoja, yapishanishe, la sivyo yanakuwa fundo ambalo redio haiwezi kulisukuma nyuma. Tepu peke yake haifai: joto la dashi linayeyusha gundi, tepu inafunguka, nyaya zinagusana. Spika uzijaribu kwa betri ndogo ya volti 1.5, gusisha kidogo tu: chanya kwa chanya, koni inatoka nje. Ikiingia ndani umegeuza. Spika moja iliyogeuzwa hailii vibaya ukiisikiliza peke yake, ila zikilia zote besi inapotea na hujui imekwenda wapi. Na hasi za spika zisiguse bodi ya gari wala zisiunganishwe pamoja, kwa redio hizi kila hasi inabeba nusu ya sauti.

Baada ya hapo redio ni ileile, na ni nzuri mno. Spika za nyuma, ambazo nilidhani zimekufa, zinalia.

Nilitaka kuwa mwadilifu, niwape angalau nyota mbili kwa kazi ya fremu. Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200, redio za kawaida zina kama 178, na wengi huacha mapengo mawili pembeni utadhani meno yameng'oka. Hawa waliziba safi, imekaa sawasawa na dashi, haitikisiki. Nikasema basi, wanajua kufunga, hawajui umeme tu.

Kisha nikaichomoa redio ili niunge nyaya, nikaona parafujo. Zile fupi za kwenye boksi hazikutumika. Wameweka ndefu walizookota kwao, na moja imepenya ubavu wa redio imesimama karibu kabisa na ubao wa ndani wenye vifaa vyote. Shimo moja kubwa barabarani lingetosha. Nyota ya pili nimeichukua, na hiyo ya kwanza imebaki kwa sababu ukurasa haukubali sifuri.

Na redio pia naishusha, nimebadilisha mawazo nikiwa naandika. Kijitabu chake kina kurasa nyingi za kuunganisha simu na ukurasa mmoja wa nyaya, wenye maandishi madogo yasiyosomeka bila miwani. Picha kamili imebandikwa juu ya redio, sehemu ambayo ikishaingia ndani ya dashi hakuna anayeiona tena. Nyota tatu na nusu. Anayeinunua, apige picha stika hiyo kwa simu kabla haijafungwa, atoe adapta kwenye mfuko, aiweke mkononi mwa fundi, asimame pale.

Kabla ya kulipa: zima gari, toa ufunguo, subiri dakika tano, washa, tazama saa. Washa taa, skrini ipungue mwanga. Peleka sauti kona moja moja, mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Kanyaga mafuta redio ikiwa kimya, sikiliza kama kuna mlio.