Saiyaara: nyimbo nimezipenda, yule dogo wa flashi bado sijamsamehe

Jamani naomba nianze na dogo wa kibandani kwanza, maana nikianza na nyimbo hasira zitanitoka na mie hizi hasira nataka nizimalize hapahapa.

Iko hivi. Mie ni fundi cherehani, niko Tanga, na toka nikiwa msichana nashona huku nyimbo za Kihindi zinaimba. Kuna spika yangu ndogo iko juu ya rafu ya nyuzi, ina flashi moja ya miaka nenda rudi, ndani kumejaa waimbaji wangu wa tisini, Kumar Sanu, Alka Yagnik, Udit Narayan, Anuradha Paudwal, basi. Sibadilishi. Wateja wakileta vijana wao wanaolalamika nawaambia nje kuna benchi. Nyimbo mpya huwa naziogopa kidogo, zinaanza unajua sasa utamu unakuja, kumbe ndio zimeisha. Lakini hii Saiyaara, wimbo wa filamu ya Kihindi yenye jina hilohilo, ilinifuata kila mahali, kwenye bajaji ipo, kwenye status za watu ipo, mtoto wa jirani anafua nguo anaiimba maneno yenyewe anayabuni. Halafu nikaona zile video za vijana huko India wanalia sinemani kama wamefiwa. Nikasema ngoja niitafute yote nzima, nimechoka na vipande vya sekunde 15.

Nikaenda kwa dogo mmoja anauza kava za simu, anarusha movi na nyimbo pia. Nikamwambia mwanangu nataka Saiyaara, albamu yote. Uso hakuinua. Anachezea simu yake. "Yote ya nini mama, si unataka ule mmoja tu?" Nikamwambia yote. Akawageukia wenzie waliokaa kwenye ndoo, "huyu naye kaachwa," wakacheka, na mie nimesimama palepale na baibui langu nasikia kila neno! Elfu moja na mia tano akachukua, flashi akanirudishia kwa kuisukuma juu ya meza, hata mkononi hakunipa. Nikanyamaza. Niliona ni mtoto tu.

Sasa fika nyumbani. Nina gauni la mteja la sendofu, satini rangi ya zambarau, nimeshapiga ovaloki kila kitu, nimebakiza kuunga mkono wa kushoto. Nikachomeka flashi. Wimbo ukaanza, na mwanzo wake nikashangaa, sauti nzitoo, inaburuta, kama mtu kameza dawa ya usingizi halafu kaingia kuimba ndani ya tenki la maji. Nikajiuliza ndio hii? Hii ndio watu wanazimia? Nikavumilia, mguu kwenye pedeli taratibu. Mwimbaji akawa anapanda, anapanda, na mie kidogo moyo ukaanza kuamka, na palepale anapofika juu kabisa likaingia lijimama kwenye spika linataja jina la tovuti kwa kelele, doti komu! Nilivyoshtuka mguu ukakandamiza, mashine ikakimbia, sindano ikatoka kwenye kwapa ikaenda kupiga mstari kifuani, kama inchi 3 hivi.

Mwenye kushona satini ananielewa. Kitenge unafumua, unasugua kwa kucha, matundu yanafumba. Satini ukishaitoboa imetoboka. Nilikaa nikaliangalia lile gauni nikatamani kulia, na si kwa sababu ya wimbo.

Kwa hiyo siku 2 nzima nilimwambia kila aliyepita kwamba Saiyaara ni takataka. Kwenye grupu letu la mafundi niliandika kwa herufi kubwa. Na kibandani nilirudi, nikamweleza dogo, safari hii aliniangalia, akanijibu, "Mama hiyo ndiyo inavyopendwa sasa hivi, slo. We umezoea za kizamani." Za kizamani! Mie kaseti ya nyimbo za filamu ya Aashiqui ya 1990 ilikuwa ya mama yangu, ilikatika nikaiunga kwa rangi ya kucha, ikaendelea kuimba na kale kakwikwi kake pale kwenye kiungo mpaka leo nikiusikia ule wimbo mahali pengine nasubiri kwikwi. Mtu wa hivyo unamwambia za kizamani kama unamwambia kachakaa.

Basi akaja mtoto wa dada yangu kutoka Dar. Akanikuta nalalamika, akachukua spika akasikiliza kidogo, akacheka. "Mamdogo, hii siyo yenyewe. Wamepunguza spidi, wakatia mwangwi. Umeuziwa mzoga." Akanivalisha iafoni zake akaniwekea yenyewe.

Hapo sasa.

Yaani niwe mkweli, dakika ya kwanza bado nilikuwa nimenuna, nikitafuta kosa. Sikusikia tabla, sikusikia dholaki, ni gitaa tu, na hii biashara ya magitaa kwenye nyimbo za Kihindi mie siipendi, naona kama biriani lililopikwa bila iliki. Lakini ile sauti! Anaitwa Faheem Abdullah, kijana wa Kashmir, na mwenzie Arslan Nizami wa hukohuko ni mmoja wa waliotunga melodi. Sauti yake haijanyooka kama ya Udit, wala haitoki puani kama ya Kumar Sanu, ina mikwaruzo, kama mtu aliyelia jana, akalala, akaamka akanawa uso ila macho bado yamevimba. Anaanza kama anaongea na mtu wa pembeni yake. Halafu ngoma zinaingia, zinajaa, na ule wimbo hauna haraka, jamani, unapita dakika 6! Nyimbo za siku hizi wanakupa mukhda, yaani kiitikio, na antara moja, ubeti, basi, asante kwaheri. Huu unakupa nafasi ya kuumia vizuri. Na pale juu, palepale lilipoingia lile lijimama la doti komu, safari hii hapakuingia mtu, ni yeye peke yake anapaza, na mie nikavua iafoni sikio moja nikamwambia mpwa wangu toka nje kidogo.

Halafu neno lenyewe. Kwanza nilimtumia dada yangu aliyeko Muscat kile kipande, akanijibu, "kwani wanaimbia gari?" maana kwa Kiarabu cha huko sayyara ni gari, kila siku yuko nayo barabarani. Nikacheka sana. Kumbe kwa Kiurdu ni ileile sayari yetu ya darasa la nne, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, kitu kinachozunguka hakitulii. Mpenzi ndio sayari. Ndicho ninachokipendea Kihindi, mtu hajasoma popote lakini anashika, wakisema mohabbat umesikia mahaba, wakisema dunia ni dunia, na huu wimbo mwingine wa humu unaitwa Humsafar, hata bila kamusi unaona safari imo ndani, ni yule msafiri mwenzio. Maneno ya ule wimbo mkubwa ameandika Irshad Kamil na huyo mie sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ulikuwa na jina jingine pale kwa watunzi. Tanishk Bagchi. Nilivyoliona nikasonya. Huyu ndiye mtu wa kufukua nyimbo zetu na kuzivalisha suruali za kubana, ile Dilbar ya watunzi Nadeem na Shravan ya 1999 aliigeuza 2018 ikawa ya kukatia viuno, na watu wakaipenda zaidi ya yenyewe, sikuzungumza na mtu siku nzima. Nikawa nasikiliza Saiyaara huku namvizia, namsubiri aharibu. Hakuharibu. Inaniuma kusema ila hakuharibu. Labda wale vijana wa Kashmir walimshika mikono, sijui walivyogawana kazi, ila kama ni yeye aliyesema ngoma ziingie pale zilipoingia basi nusu ya kesi nimeifuta. Ya Dilbar inabaki.

Zilizobaki nitapita harakaharaka. Barbaad ya Jubin Nautiyal nzuri, ya mwanaume anayejihurumia, usiku wa saa nne ukiwa umegombana na mtu inafaa, asubuhi haifai. Tum Ho Toh ya Vishal Mishra imenipita, nimeisikiliza mara 3 bado imenipita, mpwa wangu anasema ndiyo bora kuliko zote, basi achukue yeye. Dhun ya Mithoon na Arijit Singh sasa, hiyo ukiijua Aashiqui 2 ya 2013 utajua naongea nini, ni watu walewale, mtunzi yuleyule wa Tum Hi Ho, ule wimbo uliotuliza wote, mwimbaji yuleyule, na mwongozaji wa filamu, Mohit Suri, pia yuleyule. Nilikuwa nimejiandaa kusema wanarudia chakula cha jana. Lakini chakula cha jana nacho wakati mwingine ndio kitamu, wali wa jana na samaki wa nazi nani anakataa?

Ila sasa hapa nikawaka tena. Nikamuuliza mpwa wangu, mbona hizi karibu zote ni wanaume ndio wanalia? Akanieleza hadithi, sitawaharibia yote, lakini binti kwenye filamu ndiye mwandishi, maneno ya nyimbo yanatoka kwenye daftari lake. Sasa we mwenye akili niambie. Maneno ya binti, kilio cha binti, halafu sauti inayopewa wimbo wenyewe ni ya kaka. Mwanamke aimbe peke yake mpaka umfuate kwenye marudio kule mwishoni, Shreya Ghoshal karudia Saiyaara, Shilpa Rao karudia Barbaad. Marudio! Zamani filamu ilikuwa na wimbo mmoja mara 2, wa furaha na wa huzuni, na Lata au Alka anapewa wa kwake kamili, hasubiri makombo. Na cha kuudhi zaidi ni kwamba ile ya Shreya nzuri mno, hapigi kelele popote, anaushika wimbo kama unavyoshika yai lililochemka, nikasema kama hii ndio ingekuwa yenyewe na ya kaka ndio iwe marudio ingepungua nini? Hapo nikashusha alama. Nilikuwa nimeipa 4 na nusu kati ya 5, nikaipa 3.

Usiku nikasikiliza tena nikarudisha 4.

Halafu kuna jambo la kazi ambalo ni mafundi wenzangu tu ndio watajali. Hii albamu haishoneki. Nyimbo zangu za tisini zina mdundo wa mguu, unapiga pindo la mita 4 bila kujua, Kumar Sanu anakusukumia kitambaa. Hizi za Saiyaara zinakwenda, zinasimama, zinapumua, zinapanda, mguu haujui ufuate nini, mshono unatoka kama njia ya konokono. Nimejaribu. Mwishowe nazima mashine, naweka mkasi chini, nasikiliza nikiwa sifanyi kitu, na mie kukaa bila kufanya kitu kwa ajili ya wimbo mara ya mwisho sikumbuki ilikuwa lini, labda kabla sijaolewa. Sasa hiyo ni sifa au ni lawama amueni wenyewe. Wateja wananidai.

Gauni la zambarau nililiokoa, niliweka ua la shanga juu ya yale matundu, mwenyewe akafurahi akasema ubunifu. Sikumwambia.

Mpwa wangu aliniwekea nyimbo zenyewe kwenye flashi kabla hajarudi Dar. Juzi nikawa napita pale kwa dogo, sikuwa na nia ya kusimama, nasikia spika yake kubwa inaimba Saiyaara. Ikabidi nisimame nisikilize, na si ile slo, si ya lile lijimama. Yenyewe! Spidi yake! Yaani anayo, anaisikiliza mwenyewe, mie aliniuzia mzoga! Nikajipanga nimpe maneno yake yote. Lakini wimbo ulikuwa unakaribia pale juu, na dogo kafumba macho, kichwa kakiegemeza kwenye kabati la kava, midomo inafuata maneno moja baada ya jingine, hakosei. Nikasubiri pale mpaka ikapita. Alivyofumbua macho akanikuta, akaona haya kidogo, nikamwambia nirudishie elfu moja na mia tano yangu.

"Hela hairudi mama," akasema, "ila chagua kava."

Nimechagua. Haiingii kwenye simu yangu.