Nyuzi za gitaa: zenye utando au za kawaida?

Kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma, mabishano ni yale yale. Seti yenye utando (tabaka jembamba la plastiki juu ya uzi), kama ya chapa ya Elixir, mara nyingi huuzwa maradufu ya ile ya kawaida au zaidi. Ila jasho la vidole hula shaba ya nyuzi nene, na mwambao, Tanga au Mombasa, chumvi ya hewani huharakisha uharibifu. Nyuzi mbili nyembamba ni chuma kitupu. Hizo hushika kutu mapema. Huko mwambao utando hurudisha pesa yake.

Sauti? Za kawaida zikiwa mpya hung'aa zaidi, na kwa kurekodi mimi nazichagua hizo. Zenye utando huanza kwa upole, kisha hubaki hivyo muda mrefu. Zote zifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga.

Uzi ukikatikia darajani (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) palepale kila mara, kagua daraja kwanza. Huenda lina ncha kali.

Mpigaji wa kwaya ambaye gitaa lake hulala juma zima, utando unamfaa. Mwenye mkono mzito, anayekata nyuzi kabla hazijachakaa, anunue za kawaida, seti kadhaa.