TAHADHARI: Jamaa anauza iPhone za bei ya kutupa kwenye magrupu ya Wabongo London

Wadau mlioko London na nyie wa Dar mnaotumiwa simu kutoka huku, kuna jamaa anazunguka magrupu ya WhatsApp anauza iPhone 15 Pro kwa pauni 180, anakwambia ni used ya UK imelokiwa kidogo tu, fundi yeyote Kariakoo anaifungua. MSINUNUE. Mtoto wa mjomba kachukua mbili akamtumia mdogo wake, ile kuwasha tu kioo kinaonyesha simu ina mwenyewe, na chini kuna namba na maneno ya Kiingereza mwenye simu anaomba arudishiwe. Mafundi wamezungushana nayo weee, mwisho wanataka kununua kioo na kamera tu kama spea. Jamaa kashambloku.

Na msidhani ni kibaka mmoja mwenye njaa, huku huu ni mtandao wenye matajiri wake. Kwa hesabu za polisi simu zilizoibwa London 2020 zilikuwa 28,609, ilipofika 2024 ni 80,588. Vijana wanapita na baiskeli za umeme sura wamefunika, umesimama Oxford Street unaangalia ramani, unashtukia mkono mtupu. Inaviringishwa kwenye foili, ile ile ya kufunikia nyama, isisomeke ilipo, kisha inapelekwa kwa mnunuzi. Mkesha wa Krismasi 2024 mtu aliifuatilia iPhone yake mpaka ghala moja karibu na Heathrow, boksi kufunguliwa zimo simu 894 zinaelekea Hong Kong! Polisi baadaye wakasema genge hilo huenda lilivusha mpaka simu 40,000 kwenda China ndani ya mwaka, na kibaka wa mtaani alikuwa analipwa mpaka pauni 300 kwa simu moja.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kama genge linatoa mpaka 300, huyu wetu anakuuzia 180 kwa upendo gani? Mi naona anatuletea yale makombo yaliyoshindikana kufunguka.

Tena asikudanganye kwamba laini inasoma kwa hiyo simu ni safi. Simu ikiripotiwa, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, inafungiwa kwenye mitandao ya Uingereza, lakini nchi nyingi hawaiangalii hiyo orodha, ndo maana zinasafirishwa. Na wewe wa huku ujue kununua mali ya wizi huku unajua ni kosa la mpaka miaka 14 jela, hapo bado hujaongelea viza yako.

Ukitaka used, kutaneni, mwenyewe atoe iCloud yake, ile akaunti yake ya Apple, kwa paswedi yake mbele ya macho yako, aifute, uiwashe uweke ya kwako hapo hapo kabla hela haijatoka, na upige *#06# uione IMEI, ulinganishe na risiti. Akianza oo paswedi anayo braza yuko kazini, ondoka.

Halafu kuna hili jipya, wanaomlalamikia anawapa linki eti wamtumie mwenye simu kwa ile namba ya kwenye kioo. Ni ukurasa feki wa Apple wa kumwibia paswedi, ukituma tu ushakuwa mshirika wake. Laini anabadilisha kila mara ndo maana siweki namba, mwenye chati na risiti za kumlipa asifute, apige 101, namba ya polisi wa huku kwa mambo yasiyo ya dharura, aripoti.