Bili zimelala: ukope uzilipe zote, au uombe kulipa kwa awamu?

Mkopo wa haraka wa kwenye simu una raha yake. Dakika chache tu umeme haukatwi, mwenye nyumba katulia, nawe unalala. Ila deni halijaisha, limehama tu, na huko lilikohamia kuna riba. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo. Ikiongezwa juu ya deni kila mwezi, deni la 1,000 ulilolilaza mwaka mzima linapita 3,100.

Kuomba awamu kunataka uso mkavu. Unapiga simu kabla ya tarehe ya kukatiwa huduma, si baada, unataja kiasi unachokimudu kweli, kisha unaomba makubaliano yaandikwe. Usitaje kikubwa ili kumfurahisha anayekusikiliza. Ukishindwa awamu ya kwanza, ombi la pili halitasikika. Kodi, maji na umeme vitangulie. King'amuzi kisubiri (najua, kuna mechi).

Mimi nachagua awamu. Mkopo naukubali pale tu faini ya kurudishiwa huduma inapozidi riba yake, na mshahara uko mlangoni.