Hodi kwa Diwani: Huduma ya Kibarazani Mtwara na Lindi, Inapofaa na Inapokwama

Huduma tunayoipima hapa haina bango wala dirisha la kupokelea wateja. Ni nyumba ya diwani. Iwe Chuno au Mikindani, Nanyamba au Ng'apa, au kijiji cha ndani kabisa huko Liwale, mwenye shida humfuata diwani nyumbani kwake kabla hajafika ofisi ya kata. Na anayempokea mara nyingi si diwani mwenyewe. Ni mke au mume wake, mama yake mzazi, au mtoto aliyerudi shule na bado ana sare mwilini. Ukihesabu saa, familia ndiyo inayohudumia kata kuliko mwenye cheo, na haimo kwenye orodha yoyote ya posho.

Kwa mapokezi tunaipa huduma hii alama za juu. Kwa ufuatiliaji, za chini. Tofauti hiyo inatokana na jambo moja: neno linaloachwa kibarazani halina karatasi, na halmashauri haiendeshwi kwa maneno.

Tuanze na mapokezi, maana yanastahili sifa. Mgeni hukaribishwa mkekani au kwenye benchi, hupewa maji, na msimu ukiruhusu huwekewa ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha au korosho za kukaanga. Hakuna anayeulizwa chama chake. Shikamoo inaanza kwa mama mwenye nyumba, hata kama uliyemfuata ni mumewe, kwa sababu yeye ndiye anayejua mheshimiwa yuko wapi, atarudi saa ngapi, na kama jambo lako linaweza kungoja. Jina la "mheshimiwa" ni la ukumbini. Hapa nyumbani yeye ni baba fulani au mama fulani, na ukimwita hivyo mazungumzo yanakuwa mepesi.

Saa nzuri ni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kabla hajatoka, au baada ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani sogeza hadi baada ya tarawehe. Kuanzia Oktoba hadi Desemba usitegemee kumkuta mchana: diwani wa huku naye ana mikorosho yake, na familia nzima iko shambani inaokota. Wiki ya vikao vya kamati za halmashauri pia hayupo.

Upungufu unaanza hapo asipokuwepo. Mtoto anaambiwa, "Mwambie baba bomba la kule kwetu limekauka tangu Jumatatu." Jioni ujumbe umeshakuwa, "Alikuja mtu wa maji." Kijiji gani, kituo kipi cha maji, tangu lini, vyote vimepotea, na diwani hawezi kupeleka kitu hicho popote. Dawa yake ni ndogo na rahisi: kaunta buku ya kwaya 2, ikae ndani karibu na mlango, yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Safu zake ziwe tarehe, jina, namba ya simu, mtaa au kitongoji, shida yenyewe, alikoelekezwa, na jibu lilipotoka. Safu ya mwisho ndiyo watu huisahau, na bila hiyo daftari linageuka orodha ya malalamiko yasiyo na mwisho. Nyumba yenye daftari la namna hii inafaa kuliko yenye viti vya sofa. Jambo moja tu lisiandikwe humo: kipigo cha ndoa na ukatili kwa watoto. Daftari hilo linasomwa na kila mgeni. Mwenye shida hiyo aelekezwe moja kwa moja kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, na mama wa nyumba amsindikize ikibidi.

Sehemu kubwa ya safari za kwenda kwa diwani ni za bure kabisa, kwa maana mtu amekosea mlango. Barua ya utambulisho inatoka kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, na mhuri ni wake. Fomu ya kitambulisho cha taifa inaanzia hapo hapo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa chini ya miaka 5 kinatolewa bila malipo ofisi ya kata au kituo cha tiba. Fedha ya korosho iliyochelewa ni ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS): nenda huko na risiti ya mzani na namba ya akaunti, hakiki kwanza kama jina la kwenye akaunti linalingana na la kwenye daftari la chama na kama akaunti haijalala, kisha ukikwama panda kwa ofisa ushirika wa halmashauri. Vyama vikuu, yaani MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao, havipokei amri kutoka kwa diwani. Anaweza kuuliza kwa niaba yako, lakini hawezi kulipa wala kuagiza ulipwe. Mama wa nyumba akiyajua haya manne, anapunguza foleni kibarazani, na mgeni anaokoa nauli ya bodaboda.

Barabara na maji ndiko lawama zinakomrundikia bila haki. Tangu 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, na barabara kuu ni za TANROADS. Maji ya vijijini yako RUWASA tangu 2019, yakiendeshwa na chombo cha watumia maji cha eneo husika. Mijini kuna MTUWASA kwa Mtwara, LUWASA kwa Lindi, na MANAWASA kwa Masasi na Nachingwea. Diwani hana greda wala pampu. Alicho nacho ni sauti kwenye baraza, ambako taarifa za taasisi hizo hujadiliwa, na orodha ya vipaumbele ya kata. Kwa hiyo mpe kitu cha kusimama nacho: barabara inatoka wapi kwenda wapi, kalvati lipi limevunjika, zahanati au shule ipi inakosa njia, na kuanzia mwezi gani gari haipiti. "Barabara yetu mbovu" haiingii kwenye taarifa yoyote. Watu wa uwanda wa juu wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambao kisima kwao ni jambo la mbali, wanajua kuuliza vizuri kuliko wa pwani: wanataja kituo, siku za mgawo na idadi ya kaya.

Njia yenyewe ya jambo kupanda iko hivi. Linaanzia kijijini, kwenye halmashauri ya kijiji inayokaa kila mwezi au mkutano mkuu wa kijiji wa kila miezi 3. Mjini, kwenye mkutano wa mtaa. Linaandikwa kwenye muhtasari. Muhtasari unapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kutoka hapo ndipo linaingia kwenye kamati za kudumu za halmashauri na hatimaye Baraza la Madiwani. Baraza la kawaida linakaa kila robo ya mwaka. Ukileta shauri lako wiki moja baada ya kikao, umejichagulia kungoja miezi 3, na hilo si kosa la mtu. Linalohitaji fedha lina kalenda yake pia: mwaka wa serikali unaanza Julai 1, na mapendekezo ya kata yanapaswa yawe yamekamilika kabla mwaka wa kawaida haujaisha. Ombi la darasa linaloletwa Mei limeshakosa bajeti ya Julai hiyo na linangoja ya mwaka unaofuata, hata diwani awe hodari kiasi gani.

Madarasa yanastahili maneno zaidi kidogo, maana hapo ndipo nguvu za wananchi zinapotea nyingi. Desturi ni wanakijiji kuinua boma hadi renta, kisha halmashauri imalizie paa, sakafu na madirisha. Linaloharibu ni haraka. Msingi unachimbwa kabla mhandisi wa halmashauri hajaleta ramani, vipimo havilingani na vya darasa la serikali, na boma linabaki limesimama mvua baada ya mvua hadi tofali za juu zinamomonyoka. Mpangilio ni mkutano mkuu kwanza, muhtasari, ramani, mhandisi aoneshe kiwanja, ndipo jembe liingie. Michango ikusanywe kwa stakabadhi za halmashauri, si kwa karatasi ya daftari. Diwani mzuri anasimama mbele ya watu na kuzuia msingi usichimbwe, hata kama watazomea.

Mikopo ya asilimia 10 ndiyo huduma inayoulizwa kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Diwani haitoi wala haidhamini, na nyumba yoyote inayoandikisha majina ya "watu wa mkopo" kibarazani inapoteza muda wa watu. Mlango ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi cha wanawake au vijana kiwe na watu kuanzia 5, kisajiliwe, kiwe na katiba, akaunti ya benki ya kikundi, vitambulisho vya wanachama wote, muhtasari wa kikao kilichokubali kukopa, na andiko la mradi lenye hesabu za kweli. Wenye ajira rasmi hawaingii. Kinachokwamisha andiko ni kuandika "biashara mbalimbali". Andika mashine ya kubangua korosho, bei yake, gunia ngapi kwa wiki, mnunuzi yuko wapi. Kinachoua mkopo baada ya kupatikana ni kugawana fedha siku ile ile: kila mmoja anakwenda na lake, na siku ya marejesho kikundi hakipo. Vikundi vilivyodumu vilikuwa na hisa na mikutano ya wiki kabla ya kusikia habari ya mkopo.

Hapa ndipo madiwani wanawake wa viti maalumu wanapofaa sana, na watu hawawatumii vya kutosha. Wanahudumia halmashauri nzima, wanaingia kwenye kamati ya kata wanayoishi, na wengi wametoka kwenye vikoba, kwa hiyo wanaweza kusoma andiko lako na kukuonesha hesabu ilipokosewa.

Mgogoro wa mpaka wa shamba la mikorosho ni mfupi kuueleza. Diwani hahukumu. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha, au siku 30 zikipita bila usuluhishi, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usikubali kuzungushwa kibarazani mwaka mzima.

Turudi kwa familia, maana gharama ya huduma hii inalipwa na wao. Diwani halipwi mshahara, analipwa posho. Kutoka kwenye posho hiyo na shamba la nyumbani hutoka rambirambi ya kila msiba wa kata, nauli ya mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Ligula au Sokoine, na mchango wa ngoma zinapoanza jando na unyago, ambapo kila somo na kila kungwi anatarajia mkono wa mheshimiwa. Kusini mwanasiasa hupimwa kwa kurudi kwao. Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais kwa miaka 10, alizaliwa Lupaso, Masasi, 1938, na ndiko alikozikwa 2020. Diwani yeye hajaondoka, kwa hiyo hapimwi kwa kurudi bali kwa kutoa, na watoto wake wanaona mchuzi ukiongezwa maji. Nyumba iliyopanga vizuri ina kiwango kimoja cha rambirambi kwa kila msiba, tajiri kwa maskini, na siku moja ya wiki ambayo mlango unafungwa baada ya magharibi ili wazazi wakae na watoto. Wageni wanaoiheshimu siku hiyo wanaikuta familia ikiwa na nguvu siku zilizobaki. Tunasema hivi kwa uzito wote: kumgongea mke wa diwani saa 5 usiku kwa barua ya utambulisho ni kumwonea.

Kuna upande ambao familia nayo inawajibika. Diwani ni kiongozi wa umma chini ya sheria ya maadili ya 1995, na tamko la mali analolipeleka Sekretarieti ya Maadili kabla ya mwaka kuisha linajumuisha mali ya mwenzi wake na ya watoto walio chini ya miaka 18 wasio na ndoa. Ikiwa mwenzi ana zabuni ya halmashauri, hata ya kusambaza kokoto, diwani anatakiwa kutamka maslahi yake na kukaa pembeni jambo hilo linapojadiliwa. Nyumba inayoliongea hili wazi kibarazani inajenga imani kuliko inayogawa vitenge.

Njia ya kujua kama safari yako ilizaa kitu haihitaji kumuuliza diwani mwenyewe. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Uliza tarehe kwa mtendaji wa kata, fika mapema, kaa kimya nyuma ya ukumbi, na usikilize taarifa ya kata yako ikisomwa. Shauri lako likitajwa kwa jina la kijiji na kituo, huduma imefanya kazi. Lisipotajwa, rudi na nakala ya muhtasari wa kijiji, mkabidhi mtendaji wa kata, mwombe agonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na ndipo upite kwa diwani kumwonesha tarehe ya huo mhuri.